Mwanamke Aliyelipia Maziwa

Niseme mapema tusije tukasumbuana baadaye: Ng'washi nilimkasirikia siku ya pili tu tangu ahamie hapa Mbalibali, na hasira yangu ilikuwa ya haki kabisa. Siku ya kwanza nilimpelekea maziwa. Mgeni ameingia, ana binti mmoja, godoro moja na sufuria mbili, na wewe jirani yake una ng'ombe anayekamuliwa. Utafanya nini? Nilimjazia kopo langu la bati, lile lenye mfuniko, nikamwambia karibu, jina langu Robi, lakini huku wananiita Mama Brayan. Akapokea kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, mama wa watu ana adabu.

Kesho yake asubuhi kopo likarudi. Limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa, na ndani kuna kitu kinalia. Nikafungua. Pesa! Sarafu za maziwa yangu, kwa bei ya mjini, hakupunja hata kidogo.

"Baba Brayan," nikamwita mume wangu Mseti, "njoo uone mkeo amegeuzwa duka."

Mseti akachungulia, akacheka, akasema hiyo si inatosha sukari. Mseti naye! Huyo hata ukimtukana kwa sauti nzuri atakushukuru. Mimi nilizimwaga zile sarafu juu ya kabati na sikuzigusa msimu mzima. Kwetu maziwa ya kumkaribisha mgeni hayana bei. Ukiyalipia umemwambia mwenzako: tumemalizana, usinijue nisikujue.

Sasa nikwambie Ng'washi ni nani, maana haya mengine niliyajua pole pole. Ni Msukuma, lakini ukimuuliza kwao ni wapi anasita. Baba yake alikuwa mchimba dhahabu, na kila sehemu iliposikika dhahabu familia nzima ilifunga mizigo. Alizaliwa kambini, akajifunza kutembea kambini, akaolewa kambini na mchimbaji mwingine aliyeitwa Limbu. Wakafika na Limbu kule Tarime, upande wa Nyamongo, wakapata mtoto, huyo Teddy. Kisha duara likamfukia Limbu. Duara ndilo jina lao la shimo la dhahabu. Ng'washi akabaki na mtoto na jiko la kupikia wachimbaji.

Kule machimboni, alivyonisimulia, kila kitu kinauzwa. Maji ya kunywa unanunua, ya kuoga unanunua, chooni unalipa mlangoni, simu ukitaka ipate chaji unalipa. Kwa bei ya nyanya moja kule, hapa kwetu unapata fungu zima. Alihangaika, akaona mtoto anakua vibaya, akakimbilia Nkende pale Tarime mjini, akapanga chumba, akawa anakaanga maandazi. Nkende kukawa na nafuu, lakini kodi ya chumba ilikula maandazi yote. Ndipo mteja wake mmoja, mtu wa huku, akamwambia: mama, unateseka bure, nenda Serengeti vijijini, Mbalibali, huko nyumba inakaliwa karibu bure na chakula hakinunuliwi.

Akaja. Mwikwabe, mzee wetu wa kanisa la Wasabato, alikuwa na nyumba ya mdogo wake aliyehamia Mugumu. Akamwambia mama, wewe kaa tu, uwashe moto, uwafukuze mchwa, hiyo inanitosha. Ng'washi akakataa! Akamwekea mzee kodi ya miezi mitatu mkononi, mzee akabaki anaiangalia. Akakodi na shamba, lile la bondeni kando ya korongo, udongo mweusi mzuri. Jioni moja akaniambia kwa furaha, "Mama Brayan, ninyi mko peponi na hamjui. Hapa nitamsomesha Teddy mpaka mwisho. Nikivuna msimu huu mmoja tu, kule sirudi tena."

Hapo alinigusa, siwezi kukataa. Lakini mkono wake haukukoma kulipa. Ukimpa majani ya kunde, analipa. Ukimwazima shoka, linarudi na sabuni. Wegesa, jirani wa upande wa juu, alikuwa anapita na Teddy njia ya shule pamoja na watoto wake, maana ndiyo njia yake. Ng'washi akawa anampa nauli ya kumsindikiza mtoto! Na Wegesa, kwa kuwa pesa haikatai mtu, akaanza kuizoea. Akaacha kugawa maziwa, akawa anampimia Ng'washi kwa kikombe. Wa pili akaiga, wa tatu akaiga.

Mwenye kuumia akawa Mokami. Huyu ni bibi mjane, hana ng'ombe, hana mtoto wa karibu, na tangu naolewa hapa sijawahi kumsikia akiomba maziwa. Yalimfika tu. Leo nyumba hii, kesho ile. Siku hiyo nimekwenda kumjulia hali, shikamoo bibi, marahaba, namkuta anakunywa chai ya rangi. Nikamuuliza maziwa yako wapi. Akasema, "Yamepata mteja." Hakulalamika zaidi, akaendelea kupuliza chai yake. Nilirudi nyumbani nasema peke yangu njia nzima. Maisha yalianza kupanda bei Mbalibali na hakuna waziri aliyetangaza.

Kibaya zaidi kilikuwa risaga. Huku kazi kubwa ya shamba hatukodi vibarua. Ukiwa na palizi au mavuno unaita risaga, majirani wanakuja na mapanga yao na majembe yao, mnapiga kazi, mkimaliza mnakula kwa mwenye shamba: ugali, nyama kama ipo, togwa, na wasio Wasabato wanaweza kupata kingine. Kesho mnakwenda kwa mwingine. Hakuna anayelipwa na hakuna anayeandika. Ukija kwangu nitakuja kwako, basi. Mtu wa huku anaweza kuwa hana shilingi mfukoni na shamba lake likavunwa lote kabla jua halijazama.

Risaga ya kwanza baada ya Ng'washi kuhamia ilikuwa palizi ya Mokami. Akaitwa. Hakuja. Akamtuma Teddy na noti, pesa ya kibarua mmoja, tena na salamu: mama anasema amekaanga maandazi ya gulio, hii mtafutie mtu wa kusimama badala yake. Mwikwabe ndiye kiongozi wa risaga yetu. Aliipokea, kwa sababu humtupii mtoto pesa usoni, akaikunja akaiweka. Kwa Wegesa vile vile, noti. Kwangu noti. Kwa kila nyumba Ng'washi alituma noti na akaamini ametenda wema mkubwa kabisa.

Utaniuliza kwa nini hatukumwambia. Nani amwambie? Huku mtu mzima haambiwi, anaangaliwa. Tulimwangalia msimu mzima.

Mahindi yakakauka. Ya Ng'washi, yule mtu wa maandazi, yalikuwa mazuri kuliko ya wote, mabua yamejaa, kila bua limebeba mawili. Na wiki hiyo hiyo tembo wakatoka hifadhini. Kijiji cha jirani walilaza shamba la mtu usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba akakuta udongo na kinyesi. Askari wa wanyamapori walikuwa kule wanahangaika na kundi jingine. Kisha wachunga ng'ombe wakaja mbio wakasema kuna kundi limeingia kwenye vichaka vya korongo, ng'ambo tu ya shamba la Ng'washi. Tembo mchana hukaa kivulini. Jua likilegea, wanakuja kula. Kila mtu alijua ana saa za mchana tu.

Ng'washi akapita nyumba kwa nyumba kuita risaga. Alishajua namna inavyoitwa, alikuwa ameona. Akanunua nyama, akaazima sufuria kubwa ya kanisani, akaamka alfajiri kupika. Nilipita pale asubuhi, harufu ya vitunguu imejaa njia nzima. Yeye na Teddy wamepanga magunia mlangoni, wametandika turubai, wamevaa nguo za kazi, wanatungoja.

Tukaja. Mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Wegesa: akaingia uani, akasalimia, akaweka noti juu ya kinu, akaondoka. Akaja mwingine, akaweka noti, akaondoka. Ni pesa ile ile, kiasi kile kile alichotutumia. Mimi nilikuwa wa nne. Niliweka yangu, nikaongeza na zile sarafu za maziwa, na nasema ukweli, niliona raha. Ng'washi alikuwa ameshika mwiko.  Teddy ndiye aliyeuliza, "Mama, mbona wanaondoka?"

Tukaenda shambani kwa Mwikwabe, maana naye alikuwa ameita siku hiyo hiyo. Shamba la Mwikwabe liko juu, kutoka pale unaona bonde lote mpaka korongo. Tulivunja mahindi lakini kila mtu alikuwa anatupa jicho kule chini, kwenye vile vichaka. Hakuna aliyetania. Risaga isiyo na utani ujue ina kitu.

Saa za mchana nikarudi nyumbani mara moja kuchukua maji ya kunywa. Namkuta Ng'washi amesimama uani kwangu, noti zote ameshika mkononi, amezifinya mpaka zimelowa jasho.

"Mama Brayan, ilikuwa ndogo?"

"Nini ndogo?"

"Pesa. Mmenirudishia kwa sababu ilikuwa ndogo? Nitaongeza. Nina ya maandazi ndani. Niambie tu niongeze ngapi."

Mura! Neno la kwetu likanitoka, nikalipuka. "Niongeze! Unasikia unachosema? Wewe mwanamke, nani hapa ni kibarua wako? Bibi Mokami ulimtumia noti apalilie? Amekaa anakunywa chai kavu kwa sababu yako! Mimi nilikuletea maziwa uyanywe, sikukuletea uniwekee pesa kama mtu wa gulioni! Umekuja hapa kwa sababu maisha ni rahisi. Ulidhani ni rahisi kwa nini? Vitu vinaota barabarani? Ni rahisi kwa sababu tunakwenda kwa wenzetu na wenzetu wanakuja kwetu!"

Nilidhani atanijibu, nikajiweka sawa kwa ugomvi. Akakaa chini kwenye mavumbi pale pale.

"Kule nilikolelewa," akasema, "mwanamke akipokea kitu cha bure mchana, usiku kinakuja kudaiwa mlangoni. Mama aliponipa chungu cha kwanza cha kupikia aliniambia, lipa papo hapo, mwanangu, usilale na deni la mtu. Mtu akikupa maji bure, kimbia. Nimelipa kila kitu, Mama Brayan. Nimelipa ili nilale. Mliponiletea maziwa siku ile sikulala mpaka nilipoyalipa."

Nikaweka dumu la maji chini.

"Na Teddy ana miaka kumi na miwili," akasema tena. "Yale mahindi yakiliwa sina mbegu, sina kodi ya shamba, sina chochote. Nitarudi kule kupika. Na kule Teddy, kwa umri huo..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja ya kumaliza, mimi nina binti pia.

Hasira ilinitoka yote nikabaki sina hata mahali pa kuweka mikono. Nilimwonea huruma kweli. Lakini huruma yangu ingefanya nini? Mimi peke yangu si risaga.

"Zifunge hizo pesa," nikamwambia. "Zifunge kwenye kanga, nisizione. Kachukue panga. Twende kwa Mwikwabe."

"Kwa Mwikwabe? Na mahindi yangu?"

"Ya kwako sijui."

"Nikianza sasa hivi na Teddy, tunaweza kupata magunia matatu. Labda manne."

"Unaweza. Mahindi ni yako."

Kule chini tawi likavunjika. Sauti ilikuja wazi kabisa, kavu, kisha jingine. Ng'washi aligeuka akaangalia shamba lake. Midomo ilikuwa inacheza. Nilijua anahesabu magunia, na kila gunia ni mwezi mmoja wa kutorudi kule. Mimi sikumvuta mkono, sikumwahidi kitu, maana sikuwa na cha kuahidi. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye fundo la kanga, akalikaza, akamwita Teddy, wakanifuata kupanda kwa Mwikwabe.

Hakuna aliyemsalimu. Wegesa ndiye alifungua mdomo: "Jamani, leo tajiri amekuja mwenyewe!" Watu wawili wakacheka, wengine wakainamia kazi. Ng'washi akasema shikamoo kwa Mwikwabe, mzee akaitikia marahaba, akamwonyesha mstari kwa kidole, basi. Akaingia.

Alikuwa hajui kuvunja mahindi, heri niseme. Alivuta ganda kwa nguvu za kitoto, majani yakamkata viganja, damu ikapaka mahindi. Hakusimama. Teddy tulimpandisha juu ya kichuguu awe anaangalia bondeni. Sauti yake ikawa inatufikia kila baada ya muda. "Mama, naona mmoja." Tunavunja. "Mama, wako wengi, wana mtoto pia." Tunavunja. "Mama, wanakunywa maji korongoni." Kila aliposema, mgongo wa Ng'washi ulikakamaa, lakini kichwa hakikuinuka. Mimi nilikuwa mstari wa pili naye, na naapa nilikuwa nalichukia jua kwa jinsi lilivyokuwa linashuka. Kwa Mwikwabe zilibaki safu chache. Watu wakawa wanavunja haraka zaidi bila kuambiwa na mtu.

Tukamaliza. Mke wa Mwikwabe akaita kutoka nyumbani kwamba chakula kiko tayari. Hapo ndipo risaga huisha: kiongozi anauliza kama kuna mwenye neno, anayetaka siku yake anasema, halafu watu wanakwenda kula. Mwikwabe akafuta panga kwa majani, akatuzunguka kwa macho, akauliza, "Kuna mwenye neno?"

 Nikamwangalia Ng'washi. Mkono wake ulikuwa umeshika fundo la kanga. Nikasema Mungu wangu, akitaja pesa sasa hivi amekwisha, hata mimi sitaweza kumsaidia.

"Naomba," akasema.

Watu wakangoja.  Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na hakuyafuta.

"Unaomba nini, mama?" Mwikwabe akamuuliza.

"Naomba mje kwangu. Leo. Chakula nilipika asubuhi." Akatazama bondeni. "Lakini nyama imepoa."

Mwikwabe akafuta panga lake tena, taratibu, mpaka nikataka kumtikisa, mzee wa kanisa na uzee wake wote. Akaangalia jua. Akaangalia nyumbani kwake, moshi unatoka jikoni.

"Nyama ya moto inaunguza tu mdomo," akasema. "Mwambieni mama wa nyumbani afunike masufuria. Twende."

Tulishuka lile bonde mbio. Wanaume wakatangulia na madebe, vijana wakawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichochanganywa pilipili, moshi wake unakohoza hata shetani. Sisi wanawake tukaingia kwenye mahindi. Hakuna kuchagua, hakuna kumenya, unavunja na ganda lake unatupa kwenye gunia, punda wa Mseti wanapokea, wanakwenda, wanarudi. Bibi Mokami, kwa uzee ule, alikaa pembeni anafunga midomo ya magunia kwa kamba na kututukana kwamba tunajaza vibaya. Ng'washi alikuwa mbele kabisa, upande wa korongo, mahali ambapo mimi nisingekwenda hata unipe ng'ombe.

Wakaja. Jua likiwa linagusa vilima, dume kubwa likatokeza kwenye vichaka, masikio yamefunguka. Madebe yakapigwa. Akasimama, akatikisa kichwa, akaja. Nyuma yake wakaja wengine. Wale hawakuwa na haraka, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. Nilisikia mabua yakivunjwa kwa miguu.

"Acheni ya chini!" Mwikwabe akapiga kelele. "Pandeni! Acheni!"

Watu wakapanda. Ng'washi hakupanda. Alikuwa na gunia limejaa nusu na analivuta kwa mikono ile iliyokatika, tembo yuko karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikarudi. Sijui nilirudi kwa akili ipi. Nikamkamata kanga mgongoni, nikamvuta, akaanguka, nikamvuta hivyo hivyo.

"Gunia langu!"

"Liache! Teddy anataka gunia au anataka mama?"

Akaliachia. Tulifika juu tumetapakaa udongo, na huko nyuma tukasikia gunia linapasuka.

Nusu ya shamba ilikwenda, nusu ilibaki. Tulikaa uani kwake, magunia yamepangwa mpaka dirishani. Teddy akanawisha watu mikono. Nyama ilikuwa imepoa kweli, mafuta yameganda juu, na nilikula kuliko siku zote. Wegesa akasema tajiri anapika vizuri, ila chumvi aongeze. Watu wakacheka kidogo. Kule bondeni tembo walikuwa bado wanakula sehemu yao.

Ng'washi hakula. Alikuwa amesimama karibu na kinu, anatuangalia mmoja mmoja, viganja vimefungwa vitambaa. Kisha nikaona mkono unakwenda kwenye fundo la kanga. Kucha zikaanza kulifungua.

Wote waliona. Vicheko vikakatika. Mwikwabe akarudisha tonge sahanini. Mimi niliinamisha kichwa, sikutaka kuona. Nikasema kimoyomoyo, Ng'washi, dada yangu, usifanye hivyo. 

Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kesho ni kwa nani?"

Nikainua kichwa. Fundo lilikuwa limefungwa tena, limekazwa, na mikono yake yote miwili iko wazi.

"Kwangu," akasema bibi Mokami.

"Nitakuja."

"Uje mapema. Mimi sipendi wavivu."

Alikuja mapema, akanikuta hata mimi bado napiga mswaki. Mahindi yaliyookolewa yaliwatosha yeye na Teddy, na mbegu zikabaki. Teddy yuko sekondari sasa, ana mdomo mrefu, tutakoma. Maandazi Ng'washi anauza mpaka leo gulioni, na ukitaka maandazi yake unalipa, kwa sababu hiyo ni biashara. Bibi Mokami anakunywa chai ya maziwa. Wegesa mwenyewe ndiye anampelekea, na ukimkumbusha mambo ya vikombe anajifanya hasikii.

Siku ile ya baada ya shamba la Mokami, nilikamua, nikajaza lile kopo langu la bati, nikaenda mlangoni kwa Ng'washi. Alilipokea kwa mikono miwili, na viganja bado vina vitambaa. "Wabeja," akaniambia. Ndiyo asante ya kwao, na ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha kwa lugha ya kwao. Akaliweka kopo ndani, juu ya rafu. Nilisimama pale kizingitini kidogo, kwa mazoea tu, kisha nikaenda zangu.

Kopo hakulirudisha kesho yake, wala wiki ile. Mpaka leo liko kwake. Mimi nilishanunua jingine.